Kili Arobaini na Tatu za Bi Kudra Likwata

Amani iwe nanyi, wasikilizaji wapendwa. Wakubwa wangu mliobaki, shikamooni. Wajukuu, marahaba. Sogezeni vigoda karibu na redio, na mwenye chungu motoni apunguze kuni, maana habari ya leo si ya kusikiliza nusu nusu.

Leo tunamkumbuka Bi Kudra Likwata wa Kinjumbi, kaskazini mwa Kilwa. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Bi Kudra Likwata, wa Kinjumbi. Ndiye yule mama aliyekuwa akiwasukisha ukili wageni wa tamasha la ngoma.

Kitendawili. Mgeni wangu ameondoka, mikono yake ameniachia. Haya, fikirini. Mkishindwa nipeni mji, na mimi nautaka Lindi, nikakae pale nipunge upepo.

Jibu ni ukili. Ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa kwa kindu, majani ya mkindu yaliyokaushwa. Ukili ukizungushwa na kushonwa ndipo unapopata mkeka. Anayejua kazi hii atawaambia kwamba hakuna kili mbili zinazofanana. Mmoja anavuta sana kindu, mwingine analegeza. Mmoja akichoka ukili unapinda kushoto. Bi Kudra alikuwa akiupitisha ukili kwenye vidole, amefumba macho, na kukutajia aliyeusuka. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa, maana habari yote imekaa hapo.

Bi Kudra alizaliwa Kinjumbi. Alisoma chuo cha Kurani miaka miwili, kisha mama yake akafariki, akakaa nyumbani kumlea mdogo wake. Mdogo wake huyo ni Yassin Likwata. Kudra alikuwa na miaka tisa, Yassin alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Wazee wa Kinjumbi wanasema Kudra alijifunza kusuka akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto akilia, anasimama, anatembea naye uani, huku mikono inaendelea. Aliolewa, akazaa binti mmoja, Maftaha, kisha mumewe akatangulia mbele ya haki. Akabaki na jembe, mikorosho michache, na kindu.

Tamasha la Kinjumbi lilianza mwaka themanini na nane. Enzi za ruksa, mnazikumbuka. Maduka yalianza kuwa na bidhaa, mitumba ikaingia, mikeka ya plastiki ikaja kwa marobota. Wazee wakaona vijana wanaiacha ngoma kama wanavyoiacha mikeka ya kindu. Wakakubaliana kwamba kila mwezi wa nane, mavuno yakishaingia ndani, vijiji vya Kilwa na Lindi vikutane Kinjumbi siku tatu. Wamatumbi waje na ngoma zao kutoka milimani, Wamwera na Wamachinga na zao, Wamakonde waje na sindimba.

Mwaka wa kwanza watu walikuja. Lakini ngoma huchezwa jua likipoa. Mchana mzima wageni walikaa vivulini wakipunga inzi. Siku ya pili wengine walikuwa wameshafunga virago.

Mmoja wao alikuwa Rosalia, mama wa Kimakonde anayefanya biashara ya vyungu pale Mitwero, ukingoni mwa mji wa Lindi. Alikuwa amekaa uani kwa Bi Kudra akisubiri lori la kurudi. Rosalia mwenyewe amesimulia. Anasema Bi Kudra alimtazama weee, kisha akamtupia kindu mapajani na kumwambia kuwa kama ni kukaa tu, hata gunia linakaa. Rosalia akacheka, akaanza kusuka. Lori likaja, likapiga honi, likaondoka bila yeye.

Siku ya tatu Rosalia alikuwa na ukili wa pima mbili. Akaukunja atie kwenye kapu lake. Bi Kudra akamshika mkono.

"Huu hautoki hapa, mwanangu. Ukiupeleka Mitwero utaumaliza wiki mbili, utaukalia, basi. Niachie. Ni amana yako kwangu. Mwakani utaukuta pale pale ulipouacha."

Akamwomba kifungo kimoja cha gauni, akakifunga kwenye ncha ya ukili. Bi Kudra hakujua kuandika. Kifungo ndiyo ilikuwa alama ya mwenye mali. Akautundika ukili juu ya kitanda chake.

Mwaka uliofuata Rosalia alikuja. Alikuja na dada yake. Dada naye akasuka, akaacha ukili na kipande cha uzi mwekundu. Ndivyo ilivyokwenda. Mwaka hadi mwaka, nyumba ya Bi Kudra ikajaa kili zinazoning'inia, kila moja na alama yake: kifungo, simbi, kipande cha kitambaa cha shule, ufunguo wa baiskeli usio na baiskeli. Walikuwa wakitoka Nachingwea, Masasi, Liwale. Walikuwa wakitoka Dar es Salaam, wakati ule daraja la Rufiji halijajengwa, watu wanalala siku mbili kwenye foleni ya kivuko. Wanafika na matope hadi magotini, na neno lao la kwanza baada ya salamu ni moja: ukili wangu uko wapi?

Kulikuwa na Mwalimu Klementi wa Kipatimu, kule milimani. Mtu mpole, msomi, lakini vidole vyake, Mungu amrehemu, vilikuwa vigumu kama mpini. Miaka sita alisuka ukili ule ule mmoja. Anasuka shibiri, anafumua nusu. Bi Kudra alimuuliza mbele ya watu, "Mwalimu, huu ni ukili au barabara ya kwenda kwenu?" Watu wakavunjika mbavu, maana barabara ya Kipatimu kila mtu anaijua kwa kona na mashimo. Mwalimu naye akajibu kwamba barabara ya kwao angalau ina mwisho. Mwakani akaja tena.

Wasikilizaji wapendwa, kufikia mwaka tisini na saba kili zilikuwa arobaini na tatu. Kili arobaini na tatu, za watu arobaini na watatu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemaliza mkeka. Na wote walikuwa wakirudi.

Sasa tufike pale penye uzito.

Mwaka huo Yassin Likwata, mdogo wake Bi Kudra, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya tamasha. Ikaja kampuni moja ya sabuni. Ikaahidi jukwaa, vipaza sauti, viti vya kukodi na mgeni rasmi. Kamati ikafurahi. Yassin alifurahi kupita wote. Alitaka Kinjumbi ionekane.

Wiki sita kabla ya tamasha Bi Kudra alisafiri kwenda Lindi. Binti yake Maftaha alikuwa amejifungua, na mama alikwenda kumlea arobaini yake. Ufunguo wa nyumba akamwachia Yassin. Angemwachia nani mwingine?

Kamati ilikaa ikajiuliza jukwaa la mgeni rasmi litandikwe nini. Mmoja akataja zulia la kuazima. Yassin akasema yeye ana kitu kizuri zaidi ya zulia. Akawapeleka nyumbani kwa dada yake, akawaonyesha zile kili. Aliona aibu, anasema, kwamba kazi ya miaka tisa inaning'inia tu, haijawa kitu. Alitaka aifanye kitu. Alitaka dada yake arudi akute kili zote zimekuwa mkeka mmoja mkubwa ambao pwani yote haijapata kuuona.

Wanawake kumi na wawili walishona siku nne, kwa shazia, zile sindano kubwa za mikeka. Ncha zilizokuwa zimechanua zilikataa kulala sawa. Yassin akachukua mkasi, akazikata mwenyewe, moja moja.

Bi Kudra alirudi siku moja kabla ya tamasha. Alimkuta mdogo wake jukwaani, anang'aa kwa furaha. Mkeka umetandikwa chini, viti vimepangwa juu yake. Maftaha alikuwepo, na mtoto mchanga mkononi. Haya ndiyo aliyoyasikia.

"Dada, umeona? Tumekumalizia kazi."

Bi Kudra alipiga magoti, akapitisha mkono juu ya mkeka. Akauliza, "Alama ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Kile kifungo cha Rosalia. Ule ufunguo. Vile vilivyokuwa vimefungwa kwenye ncha."

"Aa, yale mataka? Tumeyachoma pamoja na makuti."

Maftaha anasema mama yake aliinuka, akajipangusa magoti. Alirudi nyumbani akakaa chini ya paa tupu.

Kesho yake wageni wakafika. Vipaza sauti vikanguruma. Kila ngoma ilipewa dakika kumi, ili mgeni rasmi awahi kuondoka. Sindimba ilikatwa ikiwa ndiyo kwanza imechemka. Rosalia akaja uani, akasalimia, akauliza ukili wake. Bi Kudra akamshika mkono, akampeleka jukwaani, akamwonyesha chini ya miguu ya viti.

Rosalia aliutazama mkeka muda mrefu. Anasema hata hakukasirika. Ni kama mtu anayeambiwa kwamba shule imefungwa. Alisema, "Kumbe kwisha. Basi, mama, nimeshamaliza." Akampa mkono wa kwaheri. Hakurudi tena Kinjumbi.

Na wengine hivyo hivyo. Mwalimu Klementi alijaribu kutania. Akasema kumbe ukili wake umenyooka, walau kwa kubanwa na wenzake. Lakini aliondoka siku hiyo hiyo ya kwanza, na hakurudi.

Mwaka uliofuata viti vilikuwa vingi kuliko watu. Kampuni ikaongeza bendera na fulana. Mwaka wa tatu walikuja wachezaji wa kulipwa na watoto wa kijiji. Mwaka wa nne kampuni haikujibu barua. Tamasha la Kinjumbi likafa mwaka elfu mbili. Lilianza themanini na nane, likafa elfu mbili.

Yassin alikuwa akiuliza kila mtu. Je, ni barabara? Ni maji? Tungejenga vyoo vingine? Alikwenda hadi Kilwa Masoko kuuliza ofisini. Kwa dada yake tu hakuuliza, na dada yake naye hakumwambia. Walisalimiana, dada alimpelekea uji Yassin akiugua, lakini habari ya mkeka haikutajwa kati yao. Mkeka wenyewe ulifungiwa ghala la kamati, ukawa chakula cha mchwa.

Kisha, miaka mitatu iliyopita, zikaja habari kutoka milimani. Mwalimu Klementi amefariki. Bi Kudra aliposikia alishika kichwa. Kwake yeye hii haikuwa habari ya tamasha tena. Alikuwa mtu wa swala tano. Alijua kwamba mtu akikupa amana ukaipoteza, siku ya siku utaulizwa. Alikuwa amewaambia watu arobaini na watatu kwa mdomo wake: ni amana yako kwangu. Na sasa mmoja ameshakufa.

Alikwenda kwa Yassin. Maftaha aliandamana naye. Alisema maneno machache tu: "Mdogo wangu, nipe ule mkeka. Sitaki kufa na vitu vya watu."

Yassin akafungua ghala.

Kuanzia hapo, wasikilizaji wapendwa, miaka mitatu Bi Kudra alifumua. Kila asubuhi baada ya chai alikaa uani, akautandaza ule mkeka ulioliwa, akakata uzi mmoja, kisha mwingine. Vumbi la mchwa lilimwingia kifuani. Alikohoa, akaendelea. Macho yalikuwa yameshaanza kuwa na ukungu, lakini kazi hii hakuifanya kwa macho. Alichukua ukili, akaupitisha kwenye vidole, akangoja. Siku nyingine alingoja hadi adhuhuri. Kisha anataja jina. "Huyu ni yule karani wa Nachingwea. Alikuwa akisuka huku anageuka kutazama wasichana. Ona, kila baada ya shibiri pamelegea."

Ule wa kwanza kuujua ulikuwa wa Mwalimu Klementi. Huo hata mimi na nyinyi tungeujua.

Hakuutuma kwa lori. Alituma salamu, na mjane wa mwalimu, Mama Stefania, akashuka mwenyewe kutoka Kipatimu. Wakakaa uani wanawake wawili. Bi Kudra akamwekea ule ukili mapajani, akamwomba radhi kwa ncha iliyokatwa. Mama Stefania aliukunjua taratibu. Akasema:

"Kila ikifika mwezi wa nane nilikuwa namgombeza. Namwambia, ngoma zile zile, watu wale wale, unafuata nini? Ananijibu, Stefania, kule kuna kitu changu hakijaisha. Nikidhani ana mwanamke."

Wakacheka, kisha wakalia. Maftaha anasema Yassin alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuleta kuni. Alisikia yote. Aliziweka kuni chini bila kelele, akaondoka. Ndiyo siku aliyojibiwa swali alilokuwa akiliuliza miaka yote, na hakuna ofisi iliyomjibu.

Bi Kudra aliendelea. Ishirini na sita alizijua, akazirudisha. Nyingine kwa madereva, nyingine kwa wanafunzi waliokuwa wakienda likizo, nyingine kwa mahujaji waliopita kwenda Dar es Salaam. Rosalia alipata wake Mitwero. Tulipomuuliza, alisema ameutundika. Angeweza kufumua shibiri moja akapata pa kuanzia, lakini mkono haukunyanyuka. Sauti yake ilikuwa ndogo alipoyasema hayo.

Zikabaki kumi na saba. Hizi zililiwa mno, au ni za watu waliosuka mwaka mmoja tu, mkono wao haujapata tabia. Alizishika, akaziweka, akazishika tena. Mwaka huu, mvua za masika zilipokata, kifua kilimshinda. Wiki ya mwisho alikuwa hawezi kukaa. Maftaha alikuwa akimwekea ukili mmoja mkononi, yeye anaupapasa, anatikisa kichwa. Maftaha anausogeza pembeni na kumwekea mwingine.

Jumanne asubuhi aliupapasa mmoja, akasema, "Huyu alikuwa mnene." Jina hakulisema. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri. Mnajua desturi yetu. Kabla ya mwili kuingia kaburini, ndugu wa kiume husimama kuuliza watu kama marehemu ana deni au amana ya mtu. Aliyesimama alikuwa Yassin. Ndiye ndugu pekee. Ana miaka sitini na moja sasa, mgongo umeanza kupinda.

Aliuliza mara ya kwanza. Kimya. Aliuliza mara ya pili. Watu walikuwa wengi, lakini wote wa Kinjumbi na vijiji vya jirani. Hakukuwa na mgeni hata mmoja. Hapo mtu hujibiwa kwamba hakuna, na mazishi yanaendelea. Shehe akamwashiria aendelee.

Yassin hakuendelea. Alisema, na waliokuwepo wamenirudishia neno kwa neno:

"Wenyewe hawapo, lakini amana zipo. Ni kumi na saba. Dada yangu alizitunza vizuri. Nilizikata mimi, kwa mkasi wangu, yeye akiwa safarini. Nyote nishuhudieni. Huyu hana kitu cha mtu. Ziko shingoni kwangu."

Shehe akamuuliza kama anajua anachokisema, maana neno kama hilo likisemwa kaburini halirudi.

"Ninajua," akasema Yassin. "Mshusheni dada yangu."

Wakamshusha.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Maftaha, binti wa marehemu, na watoto wake. Tunampa pole Mzee Yassin Likwata. Tunawapa pole Mama Stefania wa Kipatimu, Mama Rosalia wa Mitwero, na watu wote wa Kinjumbi. Mwenyezi Mungu amlaze Bi Kudra mahali pema.

Na nyinyi mnaoandaa matamasha, maana siku hizi yamekuwa mengi, na majukwaa yamekuwa marefu, kaeni kidogo mjiulize: mgeni wenu akiondoka, ameacha nini kwenu? Msijibu haraka.

Kisha nina neno na wewe uliyewahi kukaa ua ule. Kama ulisuka ukili Kinjumbi kati ya mwaka themanini na nane na tisini na saba, na haujakufikia, basi wako ni mmoja kati ya hizo kumi na saba. Nenda. Mzee Yassin anakaa pale uani kila siku tangu tanga lilipoanuliwa, kili zimepangwa mbele yake. Lakini yeye hajui kusuka, na vidole vyake havijui mkono wa mtu. Hatakutambua. Kwa hiyo ukifika, usikae kungoja. Kindu zipo kwenye ungo. Chukua, usuke kidogo mbele yake, apate kulinganisha.

Mpaka jana jioni alikuwa hajafika mtu.